Maranda ya Jumamosi

Kabla sijajua lolote kuhusu mapafu, nilijua maziwa. Kila karakana niliyofanyia kazi, kuanzia Thika nilikojifunzia kukereza miguu ya vitanda hadi Ruiru nilikofungua yangu, ilikuwa na desturi ile ile: kazi ya vumbi ikiisha unakunywa paketi moja ya maziwa baridi, na maziwa yanashuka na vumbi lote. Wapaka rangi walikunywa. Wachomeleaji wa ng'ambo ya barabara walikunywa. Hakuna aliyeuliza maziwa yanafikaje kifuani ilhali kila mtu anajua yanaingia tumboni. Mimi hupenda kuuliza, lakini hilo sikuuliza.

Niliacha shule kidato cha pili. Mengi ninayoyajua nimeyatoa katika vitabu vya mtumba vya ufundi, karatasi za maelezo zinazokuja na vifaa, na siku hizi simu. Mashine yangu ya kukereza niliiunda mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji, na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza nilikuwa nimeichora mara nne. Nayasema haya ili ieleweke kwamba yaliyofuata hayakutokana na uvivu wa kufikiri. Nilifikiri sana.

Mke wangu alifanya kazi pamoja nami miaka tisa. Mimi nilisimama kwenye mashine nikikereza nguzo za ngazi na miguu ya stuli. Yeye alizipokea kwenye meza yake, akazipiga msasa kwa mkono, kisha akazipaka vanishi iliyochanganywa na thina. Mikono yake ilikuwa na subira kuliko yangu. Mbao zetu nyingi zilikuwa mgrivea, na mteja akijiweza, mvule. Msasa wa mwisho, ule laini kuliko wote, hutoa unga mwembamba kama poda ya mtoto. Jioni unga huo ulikuwa kwenye nyusi zake na katika mikunjo ya shingo.

Nilinunua barakoa ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni. Moja. Hesabu yangu ilikuwa kwamba anayesimama mbele ya vipande vinavyoruka ndiye aliye hatarini. Yeye alijifunga kitambaa puani, na mimi nikahakikisha kila jioni ana maziwa yake.

Siku ya kwanza nilipoivaa, mchomeleaji mmoja alivuka barabara kuja kunitazama.

"Fundi, unaenda mwezini?"

"Naenda kukereza."

"Na mama watoto umemwacha huku chini?"

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka pia, ndani ya barakoa.

Kikohozi hicho kilikaa. Mwanzoni alisema ni baridi ya Julai, na Julai ikapita. Nilianza kukigundua kanisani kabla ya nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za akina mama: anasimama, anatoa mstari wa kwanza peke yake, ndipo wengine wanaingia. Jumapili moja mstari ulikatika katikati. Wenzake waliudaka haraka, na wageni hawakujua kitu. Mimi nilijua, kwa sababu nimeusikia mstari huo tangu kabla hatujaoana.

Hospitalini Thika daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yetu. Alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Niko na mzee wangu kwa karakana. Yeye anakereza, mimi napiga msasa."

"Unavaa nini puani?"

"Leso."

"Na mzee?"

Mke wangu alinitazama kwanza. "Yeye ako na ile ya mpira."

"Lakini anakunywa maziwa," nikasema.

Daktari hakucheka. Alichora kwenye karatasi mabomba mawili, moja la tumbo na lingine la pumzi, akaonyesha kwamba hayakutani tena chini ya koo. Kisha akaeleza kile ambacho ningeweza kukisoma miaka mingi nyuma: vipande vikubwa huanguka chini au hunaswa puani. Kinachofika ndani kabisa ni ule unga ambao jicho halioni, na mvuke wa thina huikuta njia tayari imechubuka. Kwa hiyo barakoa ilikuwa imekaa kwenye uso usiohusika. Alisema mke wangu amepata pumu ya vumbi la mbao. Akikaa mbali na vumbi sasa, kifua kinaweza kurudi karibu na kilivyokuwa. Akiendelea, njia za hewa zitakakamaa na hazitarudi.

"Nitaimba tena?" mke wangu aliuliza.

"Ukikaa mbali na vumbi, mama. Mbali kabisa."

Alitupatia dawa ya kuvuta na kibomba cha plastiki chenye kishale. Unapuliza kwa nguvu zako zote, kishale kinapanda, unasoma nambari. Siku hiyo ilikuwa mia mbili na sitini. Daktari alisema kwa umri na kimo chake anatakiwa kukaribia mia nne.

Hiyo ilikuwa lugha ninayoielewa. Nilipiga mistari kwenye daftari la hesabu: tarehe, asubuhi, jioni, maoni. Mke wangu hakukanyaga karakana tena. Nilifunga feni ya kuvuta vumbi nyuma ya mashine, nikahamishia vanishi nje chini ya mabati, nikamwajiri mtu mzima wa kupiga msasa na kumnunulia barakoa kama yangu siku hiyo hiyo. Nguo za kazi zilibaki msumarini. Yeye, ili asikae bure, alianza kufuga kuku nyuma ya nyumba yetu Mugutha. Kwanza kuku mia moja wa mayai, halafu vifaranga.

Nambari zilipanda. Mia tatu, mia tatu na kumi. Kisha zikaanza tabia ambayo sikuielewa: Ijumaa ziko juu, Jumapili na Jumatatu ziko chini, katikati ya wiki zinapanda tena, lakini hazifiki zilikotoka. Nilishuku kanisa, manukato ya watu na mazulia yake. Tulikaa Jumapili mbili bila kwenda, na nambari zikaanguka vile vile. Nilishuku barabara, maana Jumamosi alikuwa akienda sokoni na kupita Kamakis penye moshi wa wachoma nyama. Nikaenda sokoni mimi. Zikaanguka. Nikashuku dawa. Miezi minane daftari liliniambia Jumamosi, Jumamosi, na mimi nikawa naitafuta Jumamosi nje ya boma langu.

Kila Jumamosi saa sita mchana nilikuwa nafunga karakana na kuja nyumbani na magunia mawili ya maranda.

Wafugaji wote wa huku hutandika maranda, hayo mabaki ya mbao ya chini ya mashine, kwenye vibanda vya kuku, na wengine hutoka Juja kuyafuata kwa fundi. Hakuna anayeyaita vumbi. Wateja wangu niliwapa yalivyo. Ya mke wangu niliyachekecha kwanza, ili vijiti vigumu visiumize miguu ya vifaranga wake. Niliondoa vile vipande vikubwa visivyomdhuru mtu, nikamletea kilichobaki. Nilikusanya hata unga wa chini ya meza ya msasa, kwa sababu ndio ulikuwa laini kuliko wote.

Nilikuja kuona siku moja ya jua kali. Alikuwa ameinama ndani ya kibanda akitandaza kwa mikono, na mimi nimesimama mlangoni nikimalizia kumwaga gunia la pili. Mwanga ulipita kwenye wavu, na hewa yote kati yetu ilikuwa nyeupe.

"Toka," nikasema.

"Ai, ngoja nimalize."

"Toka sasa hivi!"

Alitoka akipangusa mikono, amekasirika. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ni mimi."

Aliliangalia gunia, kisha akaniangalia, na sikuhitaji kueleza. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ili apate pumzi. Ilimchukua muda.

"Wewe na daftari lako," akasema. "Mimi nilikuwa naona Jumamosi kifua kinabana. Nikafikiri ni kule kuinama."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kuniletea. Na ulikuwa unayachekecha vizuri hivyo."

Kuku waliondoka wiki hiyo, na kibanda nikakiosha kwa maji mpaka sakafuni. Nambari zilipanda tena, lakini hadi mia mbili na themanini tu, zikasimama hapo. Nimesubiri mwaka na miezi mitatu. Daktari, yule yule, alilipitia daftari langu lote ukurasa kwa ukurasa, akasema ni rekodi nzuri, na kwamba hapo ndipo zitakapokaa. Njia zimekakamaa. Mke wangu alimshukuru. Nje ya lango alinishika mkono, si kwa mapenzi, bali kwa sababu kuna kilima kidogo pale kabla ya kituo.

Kanisani mwingine ndiye anayeanzisha sasa. Mke wangu husimama mstari wa mbele kama zamani, na midomo yake hucheza. Hatujawahi kulizungumza.

Mimi bado nakereza. Ndiyo kazi ninayoijua. Jioni navua nguo karakanani, na nikifika nyumbani naoga kwenye bomba la nje, kichwa na nyusi, kabla ya kukanyaga mlango. Nimemwomba afunge dirisha la jikoni mpaka nimalize. Huja akasimama pale ndani, akaniuliza kitu, kwa kawaida kama nimemaliza au kama aweke chai. Nilikuwa namsikia kutoka barabarani. Siku hizi inabidi nifunge bomba, nipanguse macho, nisogee karibu na kioo, nimsome midomo.