Boma Tulilolihama

Kazi yangu pale Karatu ilikuwa kufundisha kompyuta. Siku hizi watu wanaiita akili bandia na wanaiogopa. Miaka ile ya elfu mbili ilikuwa mashine yenye joto, ndani ya chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na umeme ukikatika inasahau kila kitu. Picha za setilaiti zilikuwa zinakuja nyingi kuliko macho yetu yalivyoweza kuzipitia. Kwa hiyo nilizungushia mstari mahali ninapopajua nikaiambia mashine: huu msitu, hili shamba, hizi nyasi. Ikishajifunza, nchi iliyobaki inaipaka rangi yenyewe.

Mwaka mmoja wa ukame, baba alikuwa amebaki nyumbani Endulen, ndani ya hifadhi, na ng'ombe wake. Majirani walikwishahamisha mifugo. Wa kwake walikuwa wamedhoofu, hawawezi kutembea mbali. Akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi: niiulize hiyo mashine yangu inayoona kutoka juu, nyasi ziko wapi.

Nikaiuliza. Eneo lote ilikuwa imelipaka kahawia, isipokuwa doa moja juu ya korongo, karibu na alipokuwa baba. Hilo yenyewe ilisema ni shamba.

"Dada, huko kwenu si hamruhusiwi kulima?" akauliza mtaalamu aliyeniajiri, mtu wa Kilimanjaro.

"Hakuna anayelima," nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. "Hilo ni boma letu la zamani."

Mama alifia ndani ya boma lile, na kwetu sisi mtu mzima akifia ndani, watu wanahama. Miiba ya uzio inaoza, nyumba zinaanguka, samadi ya miaka mingi inabaki chini, na nyasi zinazoota juu yake hukaa mbichi wakati kwingine kote kumekauka. Mashine haikujua habari za samadi. Iliona kijani, ikadhani mahindi. Ilibidi niisahihishe, na katika majina tuliyokuwa tumeifundisha hapakuwa na nyumba iliyohamwa. Nikaweka nyasi. Iliniuma sana.

Jumamosi nikapanda lori. Nilimkuta baba amekaa kati ya ng'ombe waliolala, hata salamu alizifupisha.

"Umeiuliza?"

"Nimeiuliza, Papa. Imeonyesha pale tulipohama."

Wafugaji wengine hulisha kwenye maboma ya zamani bila kuwaza mara mbili. Baba, tangu tuhame, alikuwa akipapitia mbali, na jina la mama hatukulitaja tena, kama ilivyo desturi yetu kwa marehemu.

"Napajua," akasema. "Nilitaka niambiwe kwingine."

Nilikasirika. Nilimwambia hakuna kwingine, na kwamba ng'ombe watamwishia wote kwa sababu ya huzuni yake. Akachukua fimbo, tukawainua ng'ombe mmoja mmoja.

Nyasi zilikuwepo kweli. Ng'ombe waliinamisha vichwa wakala bila kuviinua. Baba alikaa nje ya duara la uzio uliooza, amewapa mgongo. Ng'ombe mmoja tu hakula, yule mzee mwenye baka jeupe usoni. Mama ndiye aliyekuwa akimkamua, asubuhi na jioni, mbele ya mlango wa nyumba yake. Mlango haukuwepo tena, wala nyumba, lakini alikwenda moja kwa moja hadi pale ulipokuwa, akasimama kiubavu akisubiri, mbavu zimemtoka, kiwele kimekauka.

Baba aligeuka akamwona. Alimtazama muda mrefu.

"Wewe, si kazi yako ni kufundisha?" akaniambia. "Mfundishe na huyo. Mwambie hayupo."

Nilimshika shingo nikamvuta kuelekea kwenye nyasi. Hakusogea, nami sikuweza kumwambia.