Nyuki Juu ya Pikipiki ya Saidi

Siku ile ya nyuki pale Manyoni naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nabisha kila kitu, hata methali. Wazee wakisema lisemwalo lipo, mimi nauliza: lipo wapi, nani kaliona?

Binamu yangu Saidi alikuwa dereva wa bodaboda. Asubuhi alimpelekea baba yake mizinga mipya porini. Kwetu, mzinga mpya hupakwa nta iliyoyeyushwa ili harufu yake iwaite nyuki. Nta ile ikachafua kiti cha pikipiki, naye hakuifuta. Mchana aliegesha karibu na stesheni, na kundi zima la nyuki likatua kwenye kiti.

Watu wakajaa. Mmoja akatania kwamba pikipiki hiyo ni ya wizi, mwenyewe kaenda kwa mganga. Waliokuja nyuma hawakusikia kicheko. Walisikia maneno tu. Akafika kijana wa redio, akarekodi sauti, akaondoka. Jioni tukasikia kwamba nyuki wamemnasa mwizi Manyoni, na jina la Saidi likatajwa.

Tungeweza kucheka yakaisha, ila wiki ileile tulikuwa tumepeleka posa yake Kintinku.

Nilifuatana na mjomba Hamisi, baba yake Saidi, mpaka redioni. Yule kijana alituamkia kwa adabu, akaeleza kwamba watu wote pale walimwambia hivyo.

"Watu wote?" mjomba akamuuliza taratibu. "Mwenye pikipiki alisimama palepale, kofia mkononi. Huyo si mtu?"

Kesho yake wakasoma masahihisho, sentensi moja, katikati ya matangazo ya vifo.

Baba wa binti alimwambia mshenga wetu kwamba yeye binafsi anaamini habari ya nta. "Lakini nitapita nyumba kwa nyumba niwaeleze majirani?" akasema. "Redio imeshawafikia." Posa ikarudi. Saidi alioa baadaye, kwingine, na wanaishi vizuri. Lakini aliyemtaka ni yule wa Kintinku.

Mwanangu, sikuambii usiamini habari. Mimi mwenyewe nafungua redio kila asubuhi. Nakuambia hivi: habari ya ajabu ikikufikia, tafuta ndani yake sauti ya anayesemwa. Kama haimo, habari hiyo bado haijakamilika, na usiisambaze kwa simu yako, hata kwa utani. Uliza nani alikuwepo. Uliza aliona nini, si alisikia nini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Huenda, lakini ilitosha kufika Kintinku.

Mungu akujalie sikio lenye subira na kidole kizito. Na siku utakaposemwa wewe, apatikane hapo mtu wa kukuuliza.