Viatu vya Gwaride

Treni ilisimama kwenye stesheni ambayo haikuandikwa kwenye tiketi yangu. Mkaguzi alipita behewa hadi behewa akitangaza kwamba reli imeharibika mbele, mafundi wako kazini, tutaondoka saa sita, labda saa saba. Sauti yake ilituonya tusiulize mara ya pili. Mimi kukaa siwezi. Nikashuka. Hatua ya nne kwenye kokoto za reli, soli ya kiatu changu cha kulia ikafumbua mdomo.

Muuza magazeti aliniambia nifuate ukuta wa kambi ya jeshi hadi nione mwavuli wa kijani. Fundi viatu aliyeko chini yake, alisema, anaitwa Koplo, na nikimkuta hana maneno nimshukuru Mungu.

Nilimkuta hana maneno. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, amekalia sanduku kuukuu la risasi, amevaa suruali iliyopigwa pasi na fulana tu juu, kama mtu aliyeanza kuvaa kwa ajili ya harusi akasahau kumaliza. Mguu wake wa kushoto, ndani ya kandambili, ulikuwa na vidole vitatu. Alipokea kiatu changu, akakigeuza. "Hiki kimetembea kuliko mwenyewe," alisema. Akanipa kipande cha boksi nikanyage, kisha akakiweka kiatu mwisho wa mstari, nyuma ya buti za askari, wala hakukigusa tena.

Alichukua buti moja, ndogo kuliko zote, akaishika, akairudisha, akatazama barabara. Akaichukua tena. Nyuma yake, ukutani, zilining'inia soli nyeusi zilizotungwa kwenye waya, kila moja imeandikwa tarehe kwa chaki. Nilizihesabu kwa kukosa kazi. Kumi na saba.

Nilimuuliza anamngoja nani. Gari la wizara, alisema, saa tano na nusu. Na kwa kuwa mtu anayengoja husema zaidi ya alivyokusudia, nikapata habari yote.

Koplo alitumikia jeshi miaka kumi na miwili. Vidole viwili viliozea ndani ya buti mbovu kwenye safari ya siku tisa porini, na alipoachishwa kazi akajifunza kushona viatu, kwa hasira kuliko kwa mapenzi. Kambi ilimruhusu kukaa ukutani. Kwa miaka mingi alikuwa na hotuba moja aliyomhutubia kila mteja: waziri wa ulinzi sharti awe amevaa buti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Raia akae wizara ya kilimo, huko hata mahindi yatamvumilia. Jenerali mmoja mstaafu alipoteuliwa kuwa waziri, Koplo alifunga kazi siku hiyo akawanywesha watu soda.

Wakati wa jenerali huyo zililetwa buti mpya. Zinapendeza machoni, soli imegandishwa kwa gundi bila hata mshono mmoja. Mvua mbili, zinaachia. Askari wakaanza kuzileta ukutani, naye akazishona upya kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa umemwishia, na mwekundu ukageuka alama yake. Zile ambazo hazikufaa tena kushonwa alizing'oa soli akazitundika.

Na jenerali hakuziona? Koplo alicheka kidogo, bila furaha. Katika kambi ile, kila askari akipata buti madhubuti huzitunza kando. Zinaitwa viatu vya gwaride. Mkubwa akija kukagua, zinatolewa, zinapigwa rangi, mstari mzima unang'aa, na mkubwa anasifu. Jenerali alikuwa ameifanya desturi hiyo tangu akiwa kuruti. Aliijua vizuri mno, kwa hiyo hakuinamisha macho.

Kisha jenerali akaondoka, na mahali pake akateuliwa mwanamke, mkunga kwa kazi yake, aliyepanda hadi kusimamia hospitali kubwa. Kambi nzima ilicheka. Walisema sasa gwaride litaanza kwa kupimwa presha, na amri ya kushambulia itakuwa "sukuma". Koplo ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na hilo, aliniambia akiangalia chini, mji mzima uliliona.

Wiki iliyopita mkunga alikuja kukagua. Akapita mbele ya mstari, polepole, akafika mwisho, akauliza kitu ambacho hakuna askari angeuliza: hivi vyote ni vya zamani, vile vipya tulivyonunua viko wapi? Mstari mzima ukatazama mbele. Akaomba kuingia bwenini. Akapiga magoti kwa sketi yake, akavuta buti chini ya kitanda cha kwanza, akaingiza mkono ndani hadi kidole kikatokea upande wa pili. Akavuta za kitanda cha pili, cha tatu. Kote uzi mwekundu. Akauliza nani anashona hizi. Na mtu, Koplo hajui nani, akaelekeza kidole ukutani.

Leo Koplo anatakiwa makao makuu ya wizara, mbele ya kamati, aeleze alichokishona na tangu lini. Asubuhi hii msaidizi wa mkuu wa kambi alipita, akasalimia kwa heshima zote, akakumbusha kwamba kipande hiki cha ukuta ni ardhi ya kambi. Na nusu saa baadaye askari mmoja akaleta buti ile ndogo na pacha yake. Ni za binti wa Koplo, askari wa mawasiliano, ambaye Alhamisi anaondoka na kikosi chake kwenda mpakani. Soli zote mbili zimeachia. Hakutuma neno lolote.

"Niende, nisiende, hakusema," Koplo alisema. "Ametuma viatu tu."

Mara akafika mtu mrefu mwenye fimbo ya kutembelea. Koplo alimwita Afande, nusu kwa heshima nusu kwa utani. Alikuwa sajini mstaafu, mwenzake wa kila siku chini ya mwavuli. Leo hakuketi. Alimwambia kwamba aibu ya jeshi haianikwi kwenye kamba ya jirani. Yamalizwe ndani.

"Wewe ndiye uliyetufundisha habari za kitanda na kunguni," Sajini alisema. "Leo umekuwa wakili wa mkunga?"

"Jenerali alikilalia kitanda miaka thelathini," Koplo alisema. "Kunguni anawajua mmoja mmoja. Aliwafanya nini?"

Sajini aliitikisa fimbo. Akasema buti ni jambo dogo. Siku ya vita, wakuu watamwekea yule mama ramani mezani, watamwambia hapa panapitika, naye atajuaje kama wanamdanganya? Yeye, Sajini, aliwahi kumbeba mwenzake mgongoni kilomita sita, na mwenzake alikuwa ameshakufa tangu ya pili. "Mtu aliyebeba mzigo ule," alisema, "kalamu inamwia nzito. Asiyeubeba anasaini haraka."

Koplo alirudisha macho kwenye buti ndogo. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa amefika na shati jeupe kwenye hanga. Anafua nguo katika hospitali ya mji, na mikono yake ilinuka dawa. Alimvalisha mumewe shati hilo akiongea na vifungo.

"Shemeji, mimi nimezaa wanne. Aliyenizalisha wote hajawahi kuzaa hata mmoja. Kila nilipopiga kelele aliniuliza, inauma wapi. Mama yangu mzazi, aliyezaa tisa, alikuwa ananiambia nyamaza, sote tulipitia."

Sajini alisema kuzaa si vita. Mke wa Koplo alimwambia ajaribu kwanza.

Gari likaja, jeupe, bila haraka. Koplo alichukua uzi mwekundu na msharasi, sindano yake nene ya kutobolea ngozi, akaipakata buti ya binti yake, akatoboa tundu moja. Kisha akasimamisha mkono.

"Miaka yote hii nilidhani nawasaidia," alisema, sijui akimwambia nani. "Kumbe kila nikishona, mkubwa anaona kiatu kizima."

Akauchomoa uzi. Akaitia buti na pacha yake kwenye mfuko, hazijashonwa, akaukata waya wa ukutani kwa koleo, na soli kumi na saba zikaanguka chini kwa kishindo hata dereva akageuka.

"Na Alhamisi?" mkewe aliuliza. "Mtoto ataondoka na nini mguuni?"

Koplo alizikusanya soli moja moja. Alipomaliza, mfuko ulikuwa umejaa na swali lilikuwa bado limesimama pale pale. Aliingia garini akaupakata mfuko. Kupitia dirishani alinitazama mguu wenye soksi, akafungua mdomo kama mtu aliyekumbuka jambo, na gari likaondoka.

Mkewe alisimama hadi vumbi likatulia, kisha akarudi hospitalini, karibu mbio. Mbali, stesheni, treni yangu ilipiga honi ya kwanza. Sajini alilizunguka sanduku la risasi mara mbili, akalikalia. Akauvuta mwavuli upande wake, akachukua kiatu changu, akauokota msharasi, akaugeuza huku na huku akitafuta upande wa kushikia.

Nikamuuliza kama amewahi kushona kiatu.

"Sijawahi," alisema. "Niambie, kinaachia wapi?"