Ng'ombe wa Mama na Barabara Mpya

Mainjinia walipoleta ramani ya barabara mpya kwenye baraza letu karibu na Njoro, mimi ndiye niliyeambiwa niisome, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya usiku na kijiji kizima kiliamini najua kila kitu. Hata mimi niliamini. Niliitazama mpaka mistari ikaanza kuelea kama ukungu wa msitu wa Mau. Barabara ilikuwa pana kama bahari, nayo ilipita kati ya boma letu na mto.

Mama akasimama. "Injinia, ng'ombe wangu watavukia wapi kwenda kunywa maji?"

"Mathe, tutawajengea daraja la juu, lenye ngazi."

"Ngazi? Wewe umeona wapi ng'ombe akipanda ngazi?"

Watu walicheka mpaka ngano ikalala shambani. Injinia pia alicheka, lakini jioni alikuja nyumbani na tepu, akampima ng'ombe wetu mrefu kuliko wote, kutoka kwato hadi pembe.

Barabara ilipokamilika, chini yake kulikuwa na njia ya simiti. Ng'ombe walifika mlangoni wakagoma. Ndani kulikuwa na giza, na juu malori yalinguruma. Mama akaingia peke yake, akawaita kwa ule mluzi wake wa kukamua. Mluzi ulijaa mle ndani, ukarudi kama wa akina mama elfu. Ng'ombe wa kwanza akainamisha kichwa, akaingia, na wengine wakamfuata polepole, nami nyuma yao, mpaka tukatokea juani, mtoni.