Shemeji aliambia wageni wangu wa Ukraine kwamba taifa lao halipo, nikamtoa nyumbani

Wakuu, salamu toka Buffalo. Haya yametokea mezani kwangu, hapa Cheektowaga, na sijaongeza chumvi. Mkiona naandika kwa ukali mnivumilie, hasira bado iko.

Mimi ni Munyamulenge wa milima ya Kivu Kusini, Congo, mama wa watoto watatu. Nafanya kazi ya kutunza wazee, North Buffalo. Shift yangu niko na dada mmoja wa Ukraine, Oksana. Nilipojifungua, yeye ndiye alifika hospitali kabla ya ndugu zangu wote.

Donc, tulipompeleka mtoto kanisani kuombewa, nikamwalika yeye na mama yake, Halina, waje kula kwetu. Huyu mama alikimbilia huku baada ya mtoto wake wa kiume kuuawa vitani.

Toka Columbus akaja shemeji Bosco, kaka mkubwa wa mume wangu. Anakaa Westerville, pembeni ya mji huo, anafanya warehouse, na kila break ni video za siasa. Mnawajua watu wa aina hiyo.

Tukiwa tunakula, mume wangu akamuuliza Oksana habari za kwao.

Akaeleza taratibu. Kwamba Kyiv ilikuwa mji mkubwa Moscow ikiwa bado kitu kidogo. Kwamba majirani wenye nguvu waligawana ardhi yao, na mfalme wa Urusi akakataza kuchapisha vitabu vya lugha yao.

Kwamba wakati wa Stalin walinyang'anywa nafaka, watu wakafa njaa juu ya udongo mweusi unaootesha kila kitu. Bibi yake Halina alizika wadogo zake wakati ule.

Uhuru wakaupata Soviet ilipovunjika. Na sasa vita tena.

Bosco akacheka. Akasema kwa Kiingereza, makusudi wasikie, kwamba hakuna watu wanaoitwa Waukraine. Eti ni Warusi waliodanganywa.

Halina akamuuliza binti yake amesema nini. Oksana hakutafsiri. Aliinuka tu kutafuta koti la mama yake.

Hayo maneno nayajua! Ndiyo tuliambiwa sisi: kabila lenu halipo, ninyi ni wageni, rudini kwenu. Halafu ng'ombe wakachukuliwa, nyumba zikachomwa. Baba yake Bosco mwenyewe aliuawa na watu waliokuwa na maneno hayo mdomoni.

Nikasimama. "Shemeji, baba yenu alikufa sababu ya neno hilo. Leo unalileta kwangu? Omba msamaha ao utoke."

"Unanifukuza juu ya muzungu?"

"Nakufukuza juu ya mdomo wako."

Akamtazama mdogo wake amtetee. Mume wangu akaenda kumfungulia mlango.

Kesho yake ikaja simu toka Louisville, mama mkwe. Nikajua naenda kusemwa.

"Mama Neema, nasikia umefukuza mtoto yangu."

Nikamweleza yote.

"Bon. Huyo mama aliyefiwa, nitafutie niongee naye."

Nikaenda kwao Oksana, nikaweka simu kwenye speaker. Mama mkwe akampa pole kwa Kiswahili, akamtajia mume wake alivyouawa. Halina akajibu kwa Kiukraine, akilitaja jina la mwanawe. Mimi na Oksana tulianza kutafsiri, tukaona hawatungoji.

Bosco hajaomba msamaha mpaka leo. Kwenye group ya familia anaandika kwamba nimeuza ndugu kwa wazungu. Mama yake mwenyewe amemwambia anyamaze, hasikii.

Nilichojifunza: mtu akikuambia watu fulani hawapo, usimwone mjinga tu. Anamsafishia njia atakayekuja kuwaondoa. Na anayenikera zaidi ni yule aliyefanyiwa hivyo, halafu anamfanyia mwenzake.

Haya, leteni maoni, hata ya kunipinga. Wangapi mna Bosco kwenye familia, na mlifanyaje?

Ila asije mtu kuniambia eti yalikuwa maneno tu. Kwetu risasi zilikuja nyuma ya maneno.