Rufaa ya Ndung'u Asiyejua Kusoma

Wakili Matheka alifika Makongeni Jumamosi, akajiketisha kwenye kiti cha marehemu Ndirangu bila kukaribishwa, akamwarifu mjane wake, Waithera, kwamba shemeji yake Ndung'u hajui kusoma.

"Tangu lini?" aliuliza Waithera.

"Tangu tukate rufaa, mwalimu."

Ndung'u alikuwa amefungwa miaka kumi na miwili kwa kutengeneza na kuuza dawa za kulevya. Alizipika katika chumba cha kukodi kule mtaa wa Ziwani na, kwa kuwa ni mtu mwenye huruma, alizitia ndani ya peremende ili wateja wasisumbuliwe na uchungu. Mbele ya hakimu hakuwa na wakili wala hakufungua kinywa. Sasa Matheka alikuwa amegundua kwamba mteja wake ni maskini wa Mungu, aliyeacha shule darasa la tatu, akaajiriwa na wajanja awaoshee sufuria bila kujua zimepikiwa nini. Jaji angeweza kumpunguzia hata nusu ya kifungo.

"Afisa wa probesheni atakuja kuuliza habari za nyumbani, amwandikie jaji ripoti," alisema. "Ukiona uongo unakushinda, nyamaza tu, mwalimu. Kunyamaza si kosa."

Kwa miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, Waithera alikuwa amewaamuru wengine wanyamaze. Mwenyewe hakuwahi kujaribu. Hata hivyo aliahidi. Ndung'u aliletwa nyumbani humo akiwa na miaka tisa, yatima, na Ndirangu, karani wa reli, akamlea mdogo wake kama mwanawe. Waithera alimpenda kama mtu anavyolipenda jino bovu: lilimuuma, lakini lilikuwa lake.

Afisa alikuja Jumanne. Aliitwa Habon, binti mpole wa Pumwani, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompatia alama za mwanzo.

"Mama, ni kweli hakusoma?"

Waithera akamimina chai.

"Hata jina lake hawezi kuandika?"

Waithera akakoroga chai ya mgeni, ambayo mgeni alikuwa amekwisha kuikoroga.

Habon akaanza kuandika huku akijisomea. "Alilelewa katika familia isiyo na elimu. Kaka yake hakumpeleka shule." Akainua macho yaliyojaa huruma. "Pole, mama. Si makosa yenu. Zamani wengi hawakujua faida ya shule."

Waithera aliweka kijiko chini. Aliingia chumbani, akarudi na stashahada ya kemia ya Ndung'u ndani ya fremu, pamoja na picha ya mahafali: Ndirangu amevaa suti, mkono begani mwa mdogo wake, anatabasamu kama yeye ndiye aliyefaulu.

"Soma hapo," alisema. "Kwa sauti, tafadhali."

Habon akasoma kwa sauti. Kisha akafuta mistari miwili, akaandika kurasa mbili.

Mahakamani, jaji aliisoma ripoti ile taratibu, kama mtu aliyepata barua njema kutoka nyumbani. Alitaka kujua kama mwosha sufuria angependa kuifundisha mahakama kemia kidogo. Halafu akamkumbusha Matheka kwamba mahakama hiyo ina uwezo wa kupunguza kifungo, na ina uwezo wa kukiongeza. Matheka, aliyekuwa ameitetea haki kwa dakika arubaini, aliiondoa rufaa kwa sentensi moja.

Ndung'u alipokuwa akirudishwa gerezani, alisimama kando ya benchi.

"Shem, ungenyamaza tu."

"Ndirangu alikusomesha. Ningewaacha waandike kwamba hakukusomesha?"

"Ndirangu alishaenda, shem. Ni mimi niko ndani."

Waithera alimwekea kola vizuri, na askari akasubiri amalize.

Gerezani sasa kila mtu anajua kwamba Ndung'u amesoma. Wamempa meza, na kazi yake ni kuwaandikia wenzake rufaa. Wawili tayari wamepunguziwa. Waithera humpelekea kalamu na karatasi. Majirani wakimuulizia, huwajibu kwamba yuko serikalini, upande wa sheria. Wakitaka kujua atarudi lini, husema mkataba ni wa miaka kumi na miwili, kisha huomba radhi, huingia ndani na kufunga mlango.