Biri Zilizokaa Eda

Mpaka leo watu wananiuliza: biri ikishasokotwa, ikae muda gani ndipo ivutwe? Ninazozisema ni zile nene, za jani tupu la tumbaku lililoviringwa, siyo sigara za karatasi. Mmoja atakwambia wiki mbili, mwingine mwezi, na wapo wasiojua kitu wanaowasha siku ile ile, kisha wanakohoa na kuilaumu tumbaku. Mimi nawajibu kwa neno moja: eda. Wanacheka, wanadhani nafanya mzaha. Acha wacheke, lakini anayekuja kununua kwangu atasubiri.

Nilikuwa mke wa msokotaji biri, pale Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, enzi za Mwingereza. Mume wangu kazi hiyo aliipata ujanani alipokuwa Unguja. Tumbaku tuliletewa na wakulima kutoka Makonde juu, majani yamekaushwa kivulini na kufungwa mafungu. Mimi nilitoa uti wa katikati ya jani, yeye akalirashia maji, akaliviringa juu ya ubao, ncha akaigandisha kwa uji wa muhogo. Nilikaa pembeni yake miaka mingi hata mikono yangu ikaijua kazi bila kufundishwa.

Vita vilipoanza kule Ulaya, meli zikaacha kuleta biri za kizungu. Msimamizi mmoja wa shamba la mkonge, Mgiriki, akawa anamtuma mpishi wake aje kununua kwetu. Huyo mpishi alikuwa na mdomo. Akichukua biri leo, akirudi tena anakuja na salamu: bwana anasema zinakwaruza koo. Bwana anasema zina harufu ya mkojo wa mbuzi. Safari moja akaja na mpya kabisa, akaisema huku akijishika mbavu: bwana anasema zinanuka bibi harusi. Mume wangu akacheka naye. Mimi nilikasirika siku nzima.

Nilikasirika kwa sababu hiyo harufu ya bibi harusi ilikuwa yangu. Chumba chetu kilikuwa kimoja, sanduku la biri limekaa chini ya kitanda, na mimi kila Alhamisi jioni nafukiza udi mpaka moshi unatokea dirishani. Mwanamke wa pwani asiyefukiza chumba chake ni wa kazi gani? Mume wangu hakuniambia niache. Na kuziweka muda mrefu hatukuweza, maana biri zikisokotwa ziliuzwa, na zikiuzwa ndiyo tunakula. Alikuwa akisema, "Hizi zingelala miezi kadhaa zingekuwa kitu kingine," halafu anamfungulia mpishi sanduku.

Akafa. Homa ilimshika mwanzo wa masika na haikumwachia. Alikuwa ametoka kusokota fungu kubwa kuliko yote aliyowahi kusokota, sanduku limejaa hata kifuniko kinafungwa kwa goti.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wangu, naye alikaa nasi chumba cha pili. Mdogo wa marehemu, shemeji yangu, alitoka Sudi kuja kuzika, na hitma iliposomwa akakaa ukumbini na mama yake kupanga mambo. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, ndani ya eda, nasikia kila neno. Nyumba sasa haina mwanamume, alisema. Mama atahamia Sudi kwake. Hizo biri auziwe msaga ugoro upesi, kabla mvua haijaziotesha ukungu. "Na shemeji tutakwenda naye. Eda ikiisha tutazungumza mengine."

Hayo mengine niliyajua. Mke mmoja alikuwa naye tayari, na mwanamke aliye edani haposwi, kwa hiyo alikuwa anapita pembeni kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini akaongeza neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mama, tusidanganyane. Kaka hakuwa fundi. Alikuwa anajaribu tu."

Mtu hajamaliza hata wiki kaburini.

"Shemeji," nikamwita kutoka ndani, "sanduku liko huku chumbani kwangu. Na mimi niko edani. Anaingia nani kulichukua?"

Shemeji hakuinuka. Alijua vizuri kama mimi: mwanamume anayeweza kunioa haingii chumba ninachokalia eda, awe shemeji awe nani. Basi akamwambia mama yake aingie yeye alitoe.

Mama mkwe akaja, akafungua pazia. Akanikuta nimeshalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda na nimelikalia.

"Nipishe, mwanangu."

"Sikupishi, mama. Nisamehe, lakini sikupishi."

Nikamwambia yote hapo hapo, maana nilijua nikinyamaza nimekwisha. "Zitatoka siku nitakayotoka mimi. Zikiwa mbovu, nitafunga mzigo wangu mwenyewe niende Sudi, wala hakuna atakayenishika mkono. Zikiwa nzuri, wewe na mimi tunabaki hapa kwako. Tutaishi kwa kazi ya mwanao. Kusokota najua."

"Na mvua hizi? Zitaota ukungu."

"Nitazifuta."

"Moja moja?"

"Moja moja. Kwani nina kazi gani nyingine?"

Alikaa kitandani. Nyumba ile aliijenga na mumewe, na Sudi kwa mkaza mwanawe mwingine hakukupenda, ingawa hakupata kunitamkia. Baadaye akainuka, akatoka, nikamsikia akimwambia mwanawe, "Mke wa kaka yako yuko edani. Mwache." Shemeji akaaga, akasema atarudi eda ikiisha.

Hapo ndipo nilipojua maana ya miezi minne na siku kumi za eda. Chumba kilijaa ule mkojo wa mbuzi aliousema mpishi. Tumbaku mbichi ina jasho lake, na jasho hilo likifungiwa ndani linauma macho. Wanawake wa mtaani walikuja kunipa pole wakakaa karibu na mlango, upindo wa kanga puani. "Mwenzetu, unalalaje humu?" Nalala, niliwajibu, na asiyeweza akae barazani. Mvua zikanyesha na ukungu ukaja kweli, mweupe kama unga. Nikazitoa biri zote, nikazifuta kwa kitambaa kikavu, nikazirudisha, zilizokuwa chini zikaenda juu. Jua likijitokeza adhuhuri nafungua dirisha na kifuniko, wingu likitanda nafunga. Zilizotobolewa na vidudu nilizichoma, roho inaniuma.

Mpishi naye hakukaa kimya. Alikuja akasimama ukumbini akanisihi kupitia kwa mama mkwe: bwana hana cha kuvuta, amekuwa mkali, nyumba haikaliki. Nikajibu kwamba bwana avumilie. Siku hiyo ndani hamkuwa na unga. Tulikula muhogo wa kuchemsha na chumvi, na mama mkwe alitafuna, nami nilimwona anavyojizuia kunilaumu. Nilitamani kumwita yule mpishi arudi. Sikumwita.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja niliamka nikahisi kuna kitu kimepungua chumbani. Ile harufu ya mkojo imekwisha. Nikatoa biri moja nikaiweka puani: tumbaku, tumbaku peke yake, na utamu kidogo wa mbali kama wa tende. Nikakaa nikifikiri, kisha nikaelewa. Mwanamke wa eda hajitii manukato. Hafukizi udi, havai asumini, hapaki hata mafuta ya nywele yenye kunukia. Chumba changu hakijawahi kukaa hivyo tangu niolewe. Sheria ilinikataza mimi, na biri zikapata mahali pa kulala pasipo na bibi harusi. Nikamwita mama mkwe aje anuse. Alinusa mara mbili, akairudisha mwenyewe sandukuni, taratibu, akafunga kifuniko.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja na maji ya moto, kanga mpya, marashi, na chetezo kinafuka udi. Walikuwa wameshafika mlangoni kwa vigelegele. Nikasimama kizingitini nikatanua mikono.

"Chetezo hakiingii humu."

"Huyu anataka eda ya pili," mmoja akasema, wakaangua kicheko.

"Semeni mtakavyo. Sanduku litoke kwanza."

Ikabidi walibebe wao wenyewe, wakalipeleka uani upande wa upepo, ndipo wakanikogesha na kunifukiza. Nilipotoka ukumbini kwa mara ya kwanza, shemeji alikuwa ameshafika kutoka Sudi, amekaa na mama yake. Tukaamkiana. Akaniuliza, "Haya, shemeji, zimekuwaje?" Nikamjibu kwamba mimi si mnunuzi, tungoje wanunuzi. Mpishi akaja, nikampa biri chache ampelekee bwana wake, akapanda baiskeli akaenda.

Tulikaa kumngoja. Sijawahi kuona watu watatu wakikaa vile, macho njiani, hakuna anayeondoka. Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga kweli, uko nyuma ya mlango, maana niliahidi. Alasiri tukasikia kengele ya baiskeli.

Mpishi hakukaa hata kitako. "Bwana anazitaka zote," alisema. "Na anauliza, mmepata fundi mwingine?"

Nilimtazama shemeji kabla sijajibu. Nilitaka asikie.

"Mwambie fundi ni yule yule."

Shemeji aliinamisha uso. Kisha akasema, "Basi kaeni, mama. Kaeni hapa," na hilo la mengine hakulitaja tena, siku ile wala siku nyingine. Alipewa haki yake ya urithi, akarudi Sudi peke yake. Mpishi nilimpa nusu ya sanduku. Nusu niliibakiza, ili nipate cha kuuza wakati nitakazosokota mimi zinakomaa, mama mkwe akahamia chumbani kwangu, na chumba cha pili kikawa cha biri, udi haukanyagi.

Jioni, watu walipotawanyika, nilichukua biri moja nikaiwasha kwa kijinga cha jikoni. Sikuwa mvutaji. Nilitaka kujua tu. Moshi uliingia laini, haukukwaruza, ukakaa mdomoni na ule utamu wake. Ndipo nikalia, kilio ambacho hata siku ya maziko sikulia. Mama mkwe akatoka jikoni amefadhaika, akaniuliza nini tena, leo si siku ya furaha?

Nikampa ile biri aishike. "Mama," nikamwambia, "mwanao hakuwahi kuvuta moja kama hii. Amekufa hajui kama yeye ni fundi."